Chungu cha Tumbaku na Kiko cha Mnanaha: Neva za Mwili kwenye Njia ya Ujiji

Richard Burton alipofika Ujiji mwezi Februari 1858, aliwakuta wenyeji wakitembea na vifaa ambavyo hakuwahi kuviona mahali pengine. Kiunoni mwao palining'inia kijungu kidogo cheusi cha udongo. Shingoni, kwa wenye uwezo, palikuwa na koleo ndogo ya chuma. Kijungu kilikuwa cha tumbaku. Mtu aliposhikwa na hamu alitia maji kidogo, akaikamua tumbaku, maji yake akayavuta puani. Kisha aliziba pua kwa vidole au kwa ile koleo, akakaa hivyo dakika kadhaa, akiendelea kuzungumza kwa sauti ya puani na yeyote aliyekuwa karibu.

Burton aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha juzuu mbili kilichotoka London mwaka 1860, akalihesabu miongoni mwa desturi za ajabu za watu wa ziwani. Katika kitabu hichohicho alieleza pia habari za mnanaha, mmea wenye maua meupe marefu na tunda la miiba. Watu wa bara, alisema, walikausha majani, maua na ganda la mizizi yake, wakavuta moshi kwa kiko cha kawaida au kwa buruma, yaani kiko cha maji, ili kutuliza pumu na mafua makali na kulegeza makohozi.

Nimeziweka habari hizo mbili pamoja kwa sababu mwilini zinakutana. Tumbaku na mnanaha hugusa kemikali moja, asetilikolini, ambayo neva huitumia kuupa amri moyo, mapafu, utumbo, macho na misuli. Mmea mmoja huiiga kemikali hiyo, mwingine huizuia. Watu wa njia ya misafara walikuwa wakiitumia mimea yote miwili muda mrefu kabla maabara yoyote duniani haijajua kwamba kemikali hiyo ipo. Nimeifuata njia yao kuanzia Tabora hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu naamini historia ya njia hii imesimuliwa mno kwa majina ya wageni walioipita, na kidogo mno kwa miili ya watu walioijenga kwa miguu yao.

Tabora: moshi wa mnanaha

Njia ilianzia pwani, Bagamoyo na jirani zake, ikakata Usagara na Ugogo hadi Unyanyembe. Burton na mwenzake John Hanning Speke waliingia Kazeh, pembeni mwa Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani aliyeijua bara kuliko wageni wote wa zama zake. Hapo njia iligawanyika: moja ikaenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine magharibi hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba kuelekea bara, wakarudi na pembe za ndovu. Mzigo wa mtu mmoja ulizidi kilo 30. Misafara hiyohiyo iliwaswaga watumwa kuelekea pwani, na wengi walikufa njiani bila jina lao kuandikwa popote.

Maradhi yaliisindikiza kila hatua: homa, kuhara, vidonda vya miguu, vifua. Wazungu walikuja na masanduku ya dawa. Ndani yake mlikuwa na kwinini ya malaria na afyuni ya kuhara na maumivu. David Livingstone, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, alipoteza sanduku lake mwezi Januari 1867 baada ya mchukuzi kutoroka nalo, na katika shajara yake aliona tukio hilo ni sawa na kuhukumiwa kifo. Miaka miwili baadaye, Machi 1869, aliingia Ujiji akiwa amebebwa kwenye machela, mapafu yamemshinda.

Mpagazi hakuwa na sanduku la kuibiwa. Alikuwa na mimea iliyomea kando ya njia, na mnanaha ni mmoja wao. Bado upo. Unaota kwenye majalala, kwenye mazizi ya zamani na pembeni mwa reli, mahali popote udongo ulipovurugwa na kurutubishwa. Ukilifikicha jani lake linatoa harufu nzito ya kukera. Tunda la aina moja inayopatikana sana ni la kijani, limejaa miiba, na likikauka hupasuka sehemu nne na kuonyesha mbegu nyeusi zilizo bapa. Ng'ombe huupita bila kuugusa.

Mwenye pumu aliyevuta moshi wa majani hayo alipata nafuu ya kweli. Mirija ya hewa ililegea, pumzi ikafunguka, makohozi yakapungua. Kinywa kilikauka, mboni za macho zikapanuka, moyo ukaenda mbio. Aliyezidisha alipatwa na mengine: ngozi ya moto isiyotoka jasho, mkojo kufungana, na akili kuvurugika hadi kuona vitu visivyokuwepo. Burton, aliyekuwa ameishi India na kuzijua habari za wahalifu waliowatilia wasafiri mnanaha ili wawaibie, alikiri kwamba huku hakuona ubaya wa namna hiyo. Aliona ajali tu za wasioijua nguvu ya mmea.

Tusidhani kwamba huu ulikuwa uganga wa watu wasio na elimu. Mwaka 1802 James Anderson, daktari mkuu wa Waingereza huko Madras, alieleza jinsi moshi wa mmea wa jamii hiyohiyo ulivyotumika India kutibu pumu, na habari hiyo ikasafirishwa hadi Uingereza. Katika karne yote ya 19, na kuingia ya 20, maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza sigara na unga wa mnanaha kwa wagonjwa wa pumu. Mgonjwa wa London na mpagazi wa Unyamwezi walikuwa wakivuta dawa moja katika zama moja.

Ajali nazo hazikuisha. Mwaka 1991 daktari Mtanzania, H. T. Rwiza, alichapisha taarifa ya mlipuko wa sumu ya mnanaha kwenye chakula katika hospitali ya serikali ya Usangi, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichochanganyika na mmea huo kiliwafanya watu karibu 300 waugue, na watano wakafariki. Mbegu za mnanaha zikivunwa pamoja na nafaka, jicho la mpishi haliwezi kuzitambua tena ndani ya unga.

Urambo: jani lenye umande

Treni ya Reli ya Kati ikitoka Tabora kwenda magharibi hupita Urambo, makao ya Mtemi Mirambo, aliyeishika njia hii kwa mkono wa chuma katika miaka ya 1870. Vita vyake na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 ndivyo vilivyomlazimu Henry Morton Stanley kuzunguka kusini alipokuwa akimtafuta Livingstone. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliichagua Urambo iwe mojawapo ya maeneo ya mpango wao mkubwa wa karanga. Mpango ukafa ndani ya miaka michache, na zao lililoshika nafasi yake ni tumbaku.

Hapa tumbaku ni ada ya shule, ni bati la nyumba, na pia ni ugonjwa. Nikotini iliyo kwenye jani bichi huyeyuka ndani ya umande au maji ya mvua, ikapenya ngozi ya mchumaji. Hakuvuta wala hakunusa, lakini baada ya saa chache anaanza kujisikia vibaya: kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, tumbo kukata, uso kupauka, jasho jembamba, mate kujaa mdomoni. Wengi hudhani ni jua au njaa. Watoto huumia zaidi kwa sababu miili yao ni midogo. Kinga yake ni nyepesi kuitaja: kungoja umande ukauke, kuvaa mikono mirefu na glavu, kunawa mara baada ya kazi. Kuitimiza ni kazi ngumu kwa familia inayokimbizana na msimu.

Ziweke sasa dalili hizi kando ya zile za mnanaha. Mnanaha hukausha kinywa. Tumbaku hukijaza mate. Mnanaha huzuia jasho, tumbaku hulitoa. Mnanaha hulegeza tumbo hadi likatulia, tumbaku huliminya. Mtu yeyote aliyewahi kumwuguza aliyezidiwa na kimojawapo angeweza kuuona upinzani huo. Sababu yake tunaipata mbele kidogo, mtoni.

Malagarasi: kivuko

Malagarasi ulikuwa mto wa kulipia. Burton alilipa, Stanley alilipa. Upande wa Uvinza alikuwapo mkuu aliyedai hongo, na chini yake mwenye kivuko, ambaye bila ridhaa yake hakuna mtumbwi uliotia kasia majini. Msafara wa watu mia ungeweza kufika ukingoni kwa kasi yoyote uliyotaka, lakini hapo ulisimama, ukasubiri kuvushwa. Na kuvuka kulikuwa na hatari zake: Stanley alipoteza punda wake kwa mamba papa hapa.

Ndivyo ujumbe unavyosafiri ndani ya neva. Kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo huja mbio kwa umeme hadi mwisho wa uzi wa neva. Hapo umeme unakoma, kwa kuwa kati ya neva na kiungo kinachoamriwa pana mwanya, mdogo kuliko sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwanya huo hauvukwi kwa umeme. Huvukwa kwa kemikali. Neva humwaga chembe za asetilikolini, zikavuka na kutia nanga kwenye vipokezi vilivyo ng'ambo, na kiungo kinaitika. Kisha kimeng'enya kilicho palepale mwanyani huzivunja chembe hizo, maelfu kwa sekunde, ili ng'ambo ibaki wazi kwa ujumbe unaofuata.

Ukikielewa kivuko hiki, umezielewa dawa na sumu nyingi za neva za pembezoni, yaani neva zote zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Njia za kukivuruga ni chache. Ya kwanza ni kuiga: nikotini hutia nanga kwenye vipokezi vya asetilikolini na kutoa amri ambayo neva haikuitoa. Ya pili ni kuziba: atropini na ndugu zake walio ndani ya mnanaha hukaa juu ya vipokezi bila kutoa amri yoyote, na asetilikolini halisi ikifika hukuta pamejaa. Ya tatu ni kuzuia mitumbwi isiondoke: afyuni ya kwenye masanduku ya wasafiri ilizipunguza neva za utumbo kasi ya kumwaga asetilikolini, utumbo ukapoa na kuhara kukakoma. Loperamidi inayouzwa leo madukani kwa ajili ya kuhara hufanya kazi hiyohiyo kwenye ukuta wa utumbo, ila kwa kipimo chake cha kawaida haifiki ubongoni kumlevya mtu. Ya nne ni kukizuia kile kimeng'enya kisisafishe, hapo asetilikolini hurundikana na kila kiungo kikaamriwa bila kikomo.

Vipokezi vyenyewe si vya aina moja. Kuna vile vinavyoitikia nikotini, vilivyo kwenye mafundo ya neva, yaani vituo ambako neva moja huikabidhi nyingine ujumbe, na kwenye misuli ya mikono, miguu na kifua. Kuna vingine vinavyoitikia muskarini, sumu ya uyoga, vilivyo kwenye mirija ya mapafu, tezi za mate na jasho, utumbo, kibofu, moyo na jicho. Mnanaha huziba hivi vya pili. Tumbaku huanzia kwenye vile vya kwanza, na kwa kupitia mafundo ya neva huamsha viungo vilivyo mbele yake. Huo ndio upinzani wa kinywa kikavu na kinywa kilichojaa mate.

Maabara zilifika hapa polepole. Mwaka 1889, huko Cambridge, John Newport Langley na mwenzake Dickinson walichukua brashi, wakayapaka mafundo ya neva ya wanyama maji ya nikotini, wakaona ujumbe unakatika pale palipopakwa na si kwingineko. Kwa mbinu hiyo waliweza kuichora ramani ya neva zinazoendesha viungo vya ndani. Mwaka 1905 Langley alipendekeza kwamba lazima kiungo kiwe na kitu maalumu kinachopokea dawa, wazo ambalo limezaa elimu yote ya vipokezi. Mwaka 1914 Henry Dale aliupanga mgawanyo wa zile aina mbili. Mwaka 1921, katika mji wa Graz nchini Austria, Otto Loewi aliusisimua kwa umeme mshipa wa neva uendao kwenye moyo wa chura, moyo ukapunguza mwendo. Akauchukua ule umajimaji ulioogesha moyo huo, akautia kwenye moyo wa chura mwingine. Nao ukapunguza mwendo, bila kuguswa na neva yoyote. Kilichovuka kilikuwa kemikali. Na alipotia atropini, kemikali hiyo haikufua dafu tena. Dale na Loewi walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1936.

Kwa hiyo vile vitu vilivyowafungulia wataalamu hao mlango, yaani nikotini na atropini, vilikuwa kwenye kijungu na kwenye kiko cha watu wa njia ya Ujiji. Sisemi kwamba Langley aliazima kwao. Alipata nikotini yake kwa njia za Ulaya, na atropini ilikuwa imetolewa kwenye mimea ya Ulaya tangu miaka ya 1830. Nasema watu wa huku nao walitazama, wakajaribu, wakakumbuka, wakarithishana. Walijua tumbaku hufanya nini na mnanaha hufanya nini, na walijua tofauti yake. Maarifa ya namna hiyo yana haki ya kuitwa maarifa.

Ujiji: kijungu na koleo

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo shughuli kubwa za bandari na ofisi zikahamia huko. Ujiji, uliokuwa mji wenyewe, ukabaki kusini yake na misikiti yake, nyumba zake za udongo zilizopangana na mitaa ya miembe. Kwenye Makumbusho ya Livingstone mgeni huonyeshwa mahali ambapo Stanley na Livingstone walikutana mwaka 1871, miembe inayosemekana kuwa vizazi vya ule wa siku hiyo, na sanamu mbili za watu waliovua kofia kusalimiana. Ni historia ya kweli na inastahili kuhifadhiwa. Lakini mji huu ulikuwa na soko, wavuvi, wahunzi, waganga na wagonjwa kabla ya mkutano huo na baada yake.

Sokoni nilimkuta bibi mmoja akiuza ugoro, ameufunga kwenye vipande vya nailoni. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wa kunusa au wa kuweka mdomoni?"

Nikamwuliza kama una magadi.

"Usipotia magadi si ugoro huo," alisema. "Utanusa mpaka jioni, haukufikii."

Maneno yake yana kemia kamili ndani yake. Nikotini ikiwa kwenye mchanganyiko wenye uchachu hubeba chaji ya umeme na hupita kwa shida kwenye utando wa pua au mdomo. Ikikutana na magadi chaji hiyo huondoka, ikapenya upesi na kuingia kwenye damu. Pua nayo ina utando mwembamba uliojaa mishipa midogo ya damu. Wale wazee wa 1858 waliobana pua kwa koleo waliyapa maji ya tumbaku muda wa kupenya kabla hayajachuruzika. Koleo ile ilikuwa chombo cha kupimia dawa: dakika nyingi zaidi, nikotini nyingi zaidi.

Na nikotini ina tabia ya hatari ambayo Langley aliiona kwa brashi yake. Kiasi kidogo huliamsha fundo la neva. Kiasi kikubwa huliamsha kisha hulinyamazisha kabisa. Mnusaji wa kwanza hupata moyo kudunda na mikono kutetemeka kwa kuwa nikotini huziamsha pia tezi zilizo juu ya figo, zikamwaga adrenalini. Aliyezoea huhisi ametulia, wakati moyo na mishipa yake ya damu inaendelea kulipa gharama. Ugoro haupati msamaha kwa sababu hauna moshi. Uraibu ni uleule, na kinywa kinachouhifadhi kila siku kimo hatarini kupata saratani.

Ujiji pia ni mahali pa kukumbuka macho ya Speke. Alifika hapa akiwa na uvimbe mkali wa macho, na mara ya kwanza ziwa lilikuwa kwake ukungu tu. Daktari wa macho wa leo akitaka kuona nyuma ya jicho hudondoshea dawa ya jamii ya atropini: vipokezi vya msuli unaoibana mboni huzibwa, msuli hulegea, mboni hupanuka. Akimtibu mwenye uvimbe wa ndani ya jicho hutumia dawa hizohizo kuupumzisha msuli na kuzuia ukingo wa mboni usigande kwenye lenzi. Uchungu wa jua baada ya matone hayo, ambao kila aliyepimwa macho anaujua, ni ule ambao mvuta mnanaha aliupata alipotoka nje ya nyumba.

Ziwani: swira wa maji

Lipo jambo la tatu ambalo ufukwe huu unalifundisha, na hili halitokani na mmea. Kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika anaishi swira wa maji, nyoka mkubwa mwenye mikanda myeusi shingoni, anayekula samaki na kupiga mbizi kwa muda mrefu. Wanasayansi walimwandikia maelezo mwaka 1886 na kumpa jina la Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyekuwa na kituo Mpala, upande wa magharibi wa ziwa. Si mkorofi. Hukutana na watu zaidi kwa bahati mbaya, ndani ya nyavu, na kwa kawaida akipata nafasi hukimbia.

Sumu yake huenda moja kwa moja kwenye vipokezi vya nikotini vilivyo kwenye misuli, ikavishika na kuvinyima asetilikolini. Kope huanguka, ulimi unakuwa mzito, shingo inashindwa kukiinua kichwa, na mwisho misuli ya kifua inakoma kuvuta pumzi. Akili ya mgonjwa inaweza kuwa wazi muda wote huo. Amri zinatoka ubongoni, zinafika mwisho wa neva, hazina mahali pa kutua. Ndiyo maana aliyeumwa na nyoka wa jamii hii anahitaji kwanza kusaidiwa kupumua, na apelekwe hospitali bila kuchanjwa wala kufungwa kamba ya kukata damu. Sumu ya aina hiyo, iliyotolewa kwa nyoka wa Taiwan na kuelezwa mwaka 1963, ndiyo iliyowawezesha wanasayansi kukinasa kipokezi cha nikotini na kukitenga kwa mara ya kwanza, kwa sababu inakishika bila kukiachia.

Kwenye chumba cha upasuaji wataalamu wa nusukaputi hutumia dawa zinazolegeza misuli kwa njia hiyohiyo, chini ya uangalizi wa mashine ya kupumulia, na upasuaji ukiisha humchoma mgonjwa neostigmini ili kimeng'enya kipunguziwe kasi na asetilikolini ipate wingi wa kuishinda dawa. Humpa na atropini pamoja, ili wingi huo usiupunguze mno mwendo wa moyo. Na mkulima aliyekunywa au kulowa viuatilifu vinavyokizuia kimeng'enya hicho huletwa hospitali mate yakimtoka, jasho likimchuruzika, mboni zimekuwa ndogo sana na kifua kimejaa majimaji. Dawa anayokimbiliwa nayo ni atropini, na inarudiwa hadi mapafu yakauke. Ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, na haina budi kuwepo kwenye kila kituo kinachohudumia wakulima wa mkoa huu.

Pumu nayo imepata warithi bora wa ule moshi. Salbutamoli hupita mlango mwingine, ule wa adrenalini, na kuifungua mirija ya hewa ndani ya dakika chache. Ipratropiamu, iliyoanza kutumika miaka ya 1970, ni atropini iliyobadilishwa na wanakemia ikapewa chaji ya kudumu, hivyo ikivutwa hubaki zaidi mapafuni na haipenyi kirahisi kuingia kwenye damu na ubongo. Kilichotafutwa kwa kiko kimepatikana, na kilichoogopwa kimepunguzwa. Kwa hiyo asiwepo mtu atakayesoma habari hizi akarudi kuuchuma mnanaha jalalani. Kiasi cha sumu hutofautiana kati ya mmea na mmea, kati ya jani na mbegu, na hakuna mkono unaoweza kukipima.

Ninachoomba kwa Ujiji kinawezekana. Makumbusho yake yaweke kijungu cheusi na koleo ya chuma kando ya zile sanamu mbili, na kiko cha mnanaha kando yake, kwa maelezo ya Kiswahili yanayosema wazi kila kimoja kilifanya nini mwilini, kilisaidia nani na kilimwua nani. Walimu wa baiolojia wa Kigoma wawapeleke wanafunzi pale wanapofika sura ya mfumo wa neva, wawaonyeshe kwamba asetilikolini si neno la mtihani lililoletwa kutoka mbali. Waliobeba mizigo hadi ufukwe huu waliishi na nguvu zake, wakazitumia na kuumia nazo, na nafasi yao katika historia ya tiba ni halali yao.